Uzi wa Njahi na Mahindi

Ninyi vijana mtakaosoma haya, najua mna haraka, lakini haya yasomeni polepole. Siku hizi mkimwona mtu anaongea peke yake barabarani na ananuka chang'aa, mnamchagulia jina moja. Mmoja anasema ni mlevi, mwingine anasema ni kichaa, kisha mnapita. Mimi nilikaa miaka mingi na mtu aliyekuwa na yote mawili, katika nyumba yangu, akila kwa sahani yangu. Alikuwa ndugu yangu mdogo, wa tumbo moja. Kwa hivyo sitawaambia niliyosikia kwa watu. Nitawaambia niliyoona, pamoja na kosa nililofanya mimi mwenyewe, kwa sababu naona bado watu wanalifanya.

Kusoma nilijifunza ngumbaru, nikiwa tayari na wajukuu. Wakati wa mambo haya sikujua hata kuandika jina langu. Mtaona kwa nini nalitaja.

Tulizaliwa katika shamba la mzungu, juu huko upande wa Molo, kwenye baridi. Baba alikuwa mtu wa ng'ombe na ndugu yangu akamfuata. Alfajiri nyapara aligonga kipande cha reli kilichoning'inia kwenye mti, watu wakajipanga, akaanza kuita majina kutoka kwenye rejista. Ukiitwa unajibu, "Niko." Usipojibu, siku yako imepotea hata kama umesimama mbele ya pua yake. Ndugu yangu alijibu hivyo tangu akiwa na miaka kumi na miwili mpaka alipokuwa mwanamume mwenye ndevu. Ng'ombe waliijua mikono yake. Kulikuwa na mmoja mwekundu aliyempiga teke kila mtu, lakini kwake alisimama akitafuna kama anayeombewa.

Uhuru ulipokuja mzungu akauza, shamba likakatwa vipande. Baba alikuwa ameshakufa na sisi hatukupata kitu. Mama alienda kwa dada yake Njoro. Mimi nilikuwa nimeshaolewa na mtu wa reli na tulikuwa tumeanza kukaa Nakuru, Free Area, vyumba viwili vya mabati na jiko kando. Ndugu yangu akawa mtu wa kuzunguka, leo Elburgon, kesho Gilgil. Ni wakati huo kichwa chake kilipoanza. Sijui kama ni kwa sababu ya shamba. Watu wanapenda kusema hivyo kwa sababu ni rahisi kusema. Wako wengi waliokosa shamba na vichwa vyao ni vizima mpaka leo.

Mara mbili alipelekwa hospitali ya Nairobi, ile ya wagonjwa wa akili. Hakuwahi kuniambia kwamba alitendewa vibaya. Lakini mara ya pili, akiwa huko, mama yetu alikufa na tukamzika yeye hayuko. Aliporudi akaniuliza mama yuko wapi, nami nikampeleka Njoro nikamwonyesha udongo. Alisimama hapo akainama, akang'oa majani yaliyokuwa yameota juu yake, moja moja. Tukiwa njiani kurudi akasema, "Dada, wakinipeleka tena, nitarudi niulize na wewe uko wapi." Tangu siku hiyo nilijua kazi yangu ni moja: asipelekwe tena.

Akaja kukaa kwangu. Alilala jikoni, penye joto.

Sasa tatizo lilikuwa hivi. Kliniki ya akili ilikuwa siku moja kwa wiki. Nilimpeleka kwa miguu. Mkubwa wa pale alimnusa, akaniambia, "Mama, huyu aache pombe kwanza, halafu umlete tumtibu." Nikampeleka kwa watu wa kanisa waliokuwa wakiwaombea walevi. Walikuwa watu wazuri. Walimweka katikati wakaimba, naye katikati ya wimbo akawa anamjibu mtu ambaye hayumo. Mwenye kuongoza akanivuta kando. "Mama, hii si pombe peke yake. Apate dawa ya kichwa kwanza, halafu pombe tutaimaliza sisi." Nikarudi nyumbani kama mtu aliyetumwa chumvi, kila duka anaambiwa iko duka lile lingine.

Wakati huo alikuwa amezoea kwenda kusimama katikati ya barabara ya Nairobi, malori yanapiga honi, yeye anainua mkono na kusema, "Niko. Niko." Mzee wa mtaa alikuja kwangu akakataa kuketi.

"Mama, nimevumilia. Lori likimpiga, dereva atasema aliona mtu? Siku nyingine moja tu, naleta askari na gari, anakwenda Nairobi. Na safari hii sitaki kusikia nani atamrudisha."

Nilimwambia nimesikia. Angefanya nini kingine, mzee yule? Barabara ni barabara.

Ndipo akaja mtu wa baiskeli. Alikuwa muuguzi, mgeni pale kliniki, mtu mrefu kutoka upande wa magharibi, amefunga suruali kwa mpira wa tyubu isiingie kwenye cheni. Sote tulimwita daktari. Kila mara alisema yeye si daktari, na hakuna aliyemsikiliza.

"Umekuja kumchukua?" nikamuuliza mlangoni.

"Hapana, mama. Nimekuja kuona anapolala."

"Anapolala pana nini cha kuonwa?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka kuona."

Nikamwonyesha. Alishika blanketi, akalinusa. Akauliza anakula nini asubuhi, anapita njia gani akitoka, ni nani wanaomsalimu na ni nani wanaomkimbia. Nilifikiri, huyu ni mwizi anayepima nyumba, au ni padri aliyepotea. Halafu akaketi akanywa uji vikombe vitatu.

"Daktari, kwani huko hospitali hamlishwi?"

"Tunalishwa, mama. Lakini si uji wa wimbi."

"Kunywa basi. Lakini wewe pia ulete kitu. Nimechoka na watu wanaoniletea ushauri."

Akanieleza. Alikuwa ameomba apewe watu wachache tu, wale wanaofika kliniki mara moja na kupotea, awafuate mmoja mmoja makwao, kichwa na pombe kwa pamoja, na chakula, na kazi, na mahali pa kulala. Nikamwuliza kwa nini asingoje mtu aache pombe kwanza, kama mkubwa wake anavyosema. Akasema, "Mtu hatembei kwa mguu wa kushoto Jumatatu na wa kulia Alhamisi." Nikamwambia hayo ni maneno mazuri, tutaona.

Akaleta vidonge. Kimoja kila jioni. Akasema atakuja kila Jumanne, na kweli alikuja, hata siku ya mvua, baiskeli akiibeba begani kwa sababu ya matope ya Free Area. Kabla ya kuondoka siku ile ya kwanza aliniuliza swali.

"Mama, sauti zinakuja kwanza, au pombe inakuja kwanza?"

"Unaniuliza mimi? Ni nani kati yetu amesoma?"

"Mimi nimesoma. Lakini wewe ndiye unayekaa naye."

Swali hilo liliniingia kama mwiba mdogo, ule usioumiza sana lakini huwezi kuacha kuugusa. Naosha sufuria, najiuliza. Napalilia sukuma wiki, najiuliza. Nilikuwa nimeishi na ndugu yangu zaidi ya mwaka na sikujua. Nilijua tu kwamba siku fulani ni mbaya. Nilikasirika kwamba mtu mwenye baiskeli ameona kitu mlangoni kwangu ambacho mimi sikukiona.

Kuandika sikujua. Lakini sindano nilijua. Nikaloweka njahi, yale maharagwe meusi yetu, na punje za mahindi meupe, mpaka zikalainika. Nikachukua uzi wa kushonea magunia. Kila jioni nilitunga siku moja. Siku aliyosikia sauti, njahi. Siku aliyokunywa, punje ya mahindi. Siku ya yote mawili, nilitunga yote mawili. Siku isiyo na kitu nilifunga fundo tupu. Kati ya siku na siku nilipitisha uzi mwekundu wa sweta. Nikautundika ukutani juu ya jiko. Watoto wakacheka sana kuona chakula cha sufuria kiko ukutani. Binti yangu wa kwanza, ambaye alikuwa tayari msichana mkubwa, akawaambia wenzake, "Mama anashona githeri." Nikawaacha wacheke.

Lakini utajuaje mtu amesikia sauti, kama hajibu kwa nguvu? Ilibidi nimwulize. Asubuhi moja tuko nje tunamenya viazi, jua limetoka vizuri. Nikamwambia, "Unasikia nini?"

"Nani?"

"Wewe. Zile sauti. Zinasema nini?"

Akaacha kisu. "Tangu nianze, watu wananiuliza kama nasikia. Hakuna aliyeniuliza nasikia nini."

"Mimi nauliza."

"Ni nyapara. Anaita rejista."

"Anamwita nani?"

"Wote. Anamwita baba. Anamwita yule wa mkono mmoja aliyechunga kondoo. Halafu ananiita mimi. Nisipojibu anarudia kutoka juu."

"Na ukijibu?"

"Ananyamaza kidogo. Halafu anafungua ukurasa mwingine."

Nilimenya kiazi kizima kabla ya kuuliza tena. "Na mama? Anamwita mama?"

"Mama hakuwa kwenye rejista."

Ni kweli, hakuwa. Wanawake walichuma pareto kama vibarua tu, hawakuitwa kwa majina.

"Na chang'aa inafanya nini?"

"Nikinywa anaenda mbali. Namsikia kama yuko ng'ambo ya ziwa."

"Na kesho yake?"

Akacheka, na nilikuwa sijamsikia akicheka kwa muda mrefu. "Kesho yake amerudi na nyapara wengine wawili."

Tangu asubuhi hiyo nilimwuliza kila siku, na alinijibu kama mtu anayeeleza hali ya mvua. "Leo kimya." "Leo ameita mpaka nusu." Nikatunga uzi wangu.

Uzi ulipofika urefu wa mkono wangu, daktari aliuona. Alikuwa anakuja kwa wiki nyingi na hakuwa ameuliza ni nini, alidhani ni mbegu. Nilipomweleza aliinuka, akautoa ukutani, akaanza kuupitisha vidoleni kama Mkatoliki na rozari yake.

"Hapa mahindi. Halafu njahi, njahi, njahi. Fundo. Fundo. Fundo. Hapa mahindi tena. Njahi na mahindi pamoja. Njahi. Njahi." Alienda mpaka mwisho, akarudi mwanzo. Nilimtazama uso. Nilitaka kujua jibu kuliko nilivyotaka kujua kitu chochote mwaka huo.

"Mama, kila baada ya mahindi njahi zinakuja nyingi mno. Zaidi ya nilivyotegemea. Siku aliyokunywa, dawa unampa saa ngapi?"

"Nimpeje dawa mtu aliyelewa?"

"Humpi?"

"Simpi. Mpaka awe mkavu siku mbili."

Hapa lazima niwaeleze, vijana, msije mkasema nilikuwa mjinga tu. Sisi wote tulijua kwamba dawa na pombe hazikutani tumboni. Hata kule shambani, mtu aliyekuja kuomba dawa ya kikohozi akinuka pombe alifukuzwa. Mkunga alisema hivyo, jirani alisema hivyo, kanisani walisema hivyo. Na niseme ukweli wote, kwangu ilikuwa pia adhabu. Nilikuwa nimeweka sheria mbele ya nyumba nzima: aliyekunywa hapewi dawa mpaka akauke siku mbili, ajue kwamba dawa ni ya mtu aliyejiheshimu. Na vidonge vilivyobaki sikuvitupa. Nilivihifadhi kwenye mkebe wa kakao. Nikauleta nimwonyeshe daktari kwamba sipotezi mali ya serikali.

Alifungua mkebe, akavihesabu vidonge kwa kidole.

"Kwa hivyo anakunywa siku moja, anakosa dawa siku tatu."

"Ndiyo."

"Na akikosa dawa, nyapara anarudi."

"Anarudi."

"Na nyapara akirudi..."

Nikamalizia mwenyewe kichwani. Anaenda kutafuta chang'aa ya kumfukuza. Anakunywa, mimi namnyima dawa, nyapara anarudi na wenzake, anakunywa tena. Sheria yangu ndiyo iliyokuwa ikizungusha gurudumu lote.

Daktari akasema kwa upole kwamba ni heri asinywe kabisa, lakini akinywa asinyimwe dawa. Kama amelewa mpaka hajui jina lake, alazwe ubavu, aachwe alale, akiamka apewe uji na dawa. Nikamwambia uji umeisha, aende. Akaenda.

Hata kwaheri sikumpa. Nilikasirika siku nne. Kukosea kunampata kila mtu, lakini hili nililikosea kwa bidii, bila kukosa siku hata moja, nikijisifu kwamba mimi ni mwanamke anayejua kusimamia nyumba. Jioni ya tano ndugu yangu alirudi amelewa, nami nikangoja mpaka akaamka, nikampa kidonge mkononi bila neno. Alinitazama kama mtu aliyepewa kitu cha mtu mwingine. Jumanne daktari alirudi kana kwamba hakuna kilichotokea, nikamwekea uji.

"Leo nataka kuona anapokunywa," akasema.

"Daktari, mimi mke wa mtu niende kwa mama pima?"

"Basi niende peke yangu, watu waseme mtu wa kliniki anakunywa chang'aa saa nne asubuhi."

Tukaenda. Nilibeba kikapu cha sukuma wiki kichwani kama ninayeuza. Mama pima alikuwa mwanamke mnene mwenye macho ya kucheka, anauzia nyuma ya ua wa mabati, na kipimo chake kilikuwa glasi ndogo ambayo hakuna aliyewahi kumwona akiiosha. Alitutazama mimi na daktari, akapangusa benchi.

"Karibuni. Leo kanisa na hospitali wamekuja pamoja. Nani amekufa?"

"Bado hajafa mtu," nikasema. "Tumekuja juu ya ndugu yangu."

Akatueleza wazi. Bomba la maji lilikuwa mbali, na kutengeneza chang'aa kunataka maji mengi. Ndugu yangu alimletea maji, na kila madebe manne alilipwa pima moja. Ndivyo wote walivyolipwa.

"Huwezi kumlipa chakula?" daktari akauliza.

"Chakula anasema anakula kwa dada yake. Anasema ni kizuri, lakini kina maneno mengi ndani."

Daktari alicheka. Mimi sikucheka.

"Na asubuhi simwiti," mama pima akaendelea, na sasa macho yake hayakucheka. "Anakuja kabla sijafungua. Anasimama hapo penye ua anamjibu mtu ambaye simwoni. Nampa kidogo anyamaze. Mnafikiri hiyo ni biashara? Hiyo namhurumia."

Nilirudi nyumbani nikiligeuza hilo kichwani. Mimi nilimnyima dawa ili kumwadhibu, huyu alimpa sumu kwa kumhurumia, na nyapara akala kutoka sahani zote mbili. Nilikuwa nimemchukia mama pima karibu miaka miwili. Siku hiyo alikubali asimpe kitu asubuhi, na maji atafute mtu mwingine wa kumletea, na akimwona anamjibu mtu pale penye ua, atume habari kwangu. Alitimiza kuliko wengine wengi ninaokaa nao benchi moja Jumapili, na hili naweza kulisema mbele yao.

Lakini ukimwondolea mtu maji ya kubeba asubuhi, asubuhi yenyewe inabaki. Daktari alimwuliza ndugu yangu mikono yake inajua nini. Akasema ng'ombe. Kulikuwa na Kalasinga mwenye karakana ya kuunda mabodi ya malori, nyuma ya nyumba yake alifuga ng'ombe wawili kwa ajili ya maziwa ya familia, na mkamuaji wake alikuwa mtu wa kuchelewa. Daktari alienda kuongea naye na hakumficha kitu, si pombe, si Nairobi, si nyapara. Kalasinga alisikiliza mpaka mwisho akauliza jambo moja.

"Anapiga ng'ombe?"

"Hapana."

"Aje kesho."

Akaenda kesho, na kesho kutwa. Wiki ya pili nilimwuliza swali langu la kila siku, akaniambia jambo ambalo mpaka leo sijalimaliza. Akasema nyapara anaita njiani, akienda, lakini akishaingia kwenye banda la ng'ombe anaacha.

"Kwa nini anaacha?"

"Labda ananiona niko kazini."

Nimewauliza watu waliosoma, na mmoja alikuwa daktari kweli. Wamenijibu maneno marefu. Hakuna jibu lililoshinda lile la ndugu yangu.

Uzi ukaanza kuwa na mafundo mengi. Miezi ikapita hivyo, punje moja hapa, njahi mbili pale, mafundo, mafundo. Ndipo mama mdogo, yule wa Njoro, akaugua, nikaenda kumwuguza. Nilikaa siku tano. Mume wangu alikuwa nyumbani kwa likizo, na binti yangu alikuwa mkubwa. Nilimwambia, "Mwangalie mjomba wako." Sikusema zaidi.

Niliporudi ilikuwa mchana. Kabla sijafika njia ya kwetu niliona watu wamejaa kando ya barabara ya Nairobi, na gari la askari limesimama. Ndugu yangu alikuwa katikati ya lami, mkono juu. "Niko. Niko. Niko." Hakupumua kati ya moja na nyingine. Mzee wa mtaa alikuwa hapo na askari wawili, na mume wangu amesimama nao, ameshika kofia.

"Mama," mzee akasema, "nilikwambia."

"Uliniambia."

"Basi usinizuie."

"Sikuzuii, mzee. Nauliza kwanza." Nikamgeukia binti yangu. "Mjomba wako amekunywa lini?"

"Siku uliyoondoka. Kwa jirani kulikuwa na sherehe, walimpa."

"Na dawa?"

"Hatukumpa. Ulisema aliyekunywa hapewi mpaka awe mkavu siku mbili. Na hizo siku mbili hazikufika, alirudia tena."

Alisema kwa sauti safi, mbele ya watu wote, kama mtoto mzuri aliyetunza sheria ya mama yake. Na alikuwa ameitunza. Sheria ile niliitangaza nyumba nzima ikisikia. Nilipoiacha, niliiacha kimyakimya, mimi peke yangu na mkebe wangu, kwa sababu nilikuwa naona haya. Hakuna aliyejua kwamba imekufa. Nilisafiri nikaiacha nyumbani ikifanya kazi.

Ningeweza kunyamaza. Watu walikuwa wengi na mimi si mtu wa kuomba msamaha barabarani. Lakini askari mmoja alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma wa gari, na ndugu yangu aliuona ule mlango. Aliacha kujibu. Alinitazama mimi.

Nikamwambia mzee, "Huyu amenyimwa dawa siku tano, na aliyemnyima ni mimi. Niliweka sheria mbaya katika nyumba yangu, nikasahau kuiondoa. Kama kuna wa kupandishwa gari, nipandishe mimi. Yeye nipe siku saba."

"Siku saba za nini?"

"Apewe dawa. Akisimama barabarani siku ya saba, nitamshika mkono nimpandishe mwenyewe."

Mzee akawatazama askari. Askari walikuwa na njaa, ilionekana.

"Tatu," akasema.

"Mzee, hata kabichi humalizi siku tatu."

Watu wakacheka kidogo. Akasema, "Tano. Na asionekane hapa hata kwa kupita."

Nilimtumia daktari habari jioni hiyohiyo. Alikuja siku zote tano, asubuhi kabla ya kliniki. Siku ya kwanza alimdunga sindano, akaketi naye mpaka akalala. Siku ya pili na ya tatu sisi watatu hatukutoka nje ya ua, yeye anajibu, mimi namenya, daktari anakunywa uji. Kalasinga alituma mtu kuuliza kama mkamuaji wake amekufa, maana ng'ombe wanamkataa yule mwingine. Siku ya nne daktari alimsindikiza ndugu yangu mpaka bandani, wakipita nyuma ya nyumba wasionekane barabarani, akajaribu kukamua yeye mwenyewe, akarudi na maziwa kwenye viatu. Ndugu yangu alieleza hilo jambo mara tatu siku hiyo. Nikamwuliza swali langu.

"Ameita mpaka nusu," akasema. "Halafu sijui alienda wapi."

Siku ya tano mzee wa mtaa alikuja bila askari. Ndugu yangu alikuwa anapasua kuni.

"Unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua, mzee. Wewe ndiye mwenye gari."

Mzee alimtazama, akatazama kuni zilivyopangwa, akaniambia, "Mama, shikilia hapohapo," akaenda zake. Ndugu yangu hakupelekwa Nairobi, siku hiyo wala baadaye. Sisemi alipona. Alikunywa tena mara nyingi, na njahi zilirudi, na kuna mwaka mmoja nisioupenda kuukumbuka. Lakini alikaa kwetu.

Siku hiyo ya tano, mzee alipoondoka na jua likiwa bado juu, niliwaita wote jikoni, watoto, mume wangu, na ndugu yangu mwenyewe, kwa sababu mambo yake hayasemwi nyuma yake. Mume wangu akataka kuketi, nikamwambia asimame kama wengine. Nikawaambia hivi: "Ile sheria ya siku mbili nimeiondoa, na aliyekosea kuiweka ni mimi. Dawa ya mjomba wenu ni kila jioni, amekunywa au hajanywa. Akija amelewa, mlango ufunguliwe, alazwe ubavu. Akiamka, apewe uji na dawa kabla mtu yeyote hajamwambia neno. Maneno niachieni mimi."